Muulize Kwanza Petroli Inakaa Wapi

Kuna habari moja ambayo vyombo vyetu vya habari huipakua kila baada ya miezi michache, na mimi nimechoka kuila. Unaijua. Kijana wa mkoani, elimu yake darasa la saba au kidato cha nne, ameunda ndege kwa vyuma chakavu. Wakati mwingine ni helikopta. Picha inamwonyesha amekaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari dogo, injini ya pikipiki iko nyuma ya mgongo wake, watoto wa mtaa wamemzunguka. Kichwa cha habari lazima kiwe na neno "maajabu" au "kipaji". Kiongozi wa wilaya anaombwa neno, na neno lake ni lile lile la siku zote: serikali inatambua juhudi za vijana wabunifu. Wiki inayofuata habari imekwisha, kijana kabaki na ndege yake uani, na sisi tumeshahamia kwa mbuzi aliyezaa mtoto mwenye vichwa viwili.

Wasomaji nao hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linapiga makofi: Afrika imeamka, wazungu watatukoma, apewe fedha haraka. Kundi la pili linacheka: hilo nalo ni ndege au kiti cha kinyozi chenye feni? Makundi haya mawili yanagombana mpaka usiku wa manane, na yote mawili yamekosea kitu kile kile. Hakuna hata moja lililomchukulia yule kijana kama fundi. Fundi ukimheshimu unamuuliza kazi yake. Kinyozi unamuuliza wembe umetoka wapi, mama ntilie unamuuliza maji ya juisi yamechemshwa. Mtu anayetaka kujirusha angani na ndoo ya petroli mbona hatumuulizi kitu?

Mimi swali langu la kwanza kwa yeyote anayejenga ndege nyumbani ni moja tu: petroli inakaa wapi? Siulizi mabawa wala injini kwanza. Nataka kuona tenki. Na nitajaribu kukuonyesha, ndugu msomaji, kwa nini jibu la swali hilo linatosha kutuambia kama tuko mbele ya fundi anayestahili msaada wa nchi, au mbele ya msiba ambao tumeupigia makofi wenyewe.

Tuanze na hesabu nyepesi. Chukua tenki dogo la lita 40. Petroli ina uzito wa kama kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo umebeba kilo 29 hivi za kimiminika. Kwenye rafu ya duka kilo 29 si kitu. Lakini ndege ikigonga ardhi kwa mshtuko wa mara tisa ya uzito wake, kilo 29 hizo zinasukuma mbele kama kilo 260. Zinasukuma nini? Mikanda na vishikizo vya tenki. Vikikatika, tenki linakuja mgongoni kwako likiwa limepasuka, na injini ya moto iko hatua moja. Mtu aliyevunjika miguu kwenye ajali ya ndege ndogo anaweza kupona. Akiloa petroli, hapo ni Mungu tu. Sisi Watanzania hatuhitaji kusomewa somo hili. Agosti 2019, pale Msamvu Morogoro, lori la mafuta lililipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tunajua petroli hufanya nini ikimwagika. Sasa kwa nini tunasahau tukiona mabawa?

Haya, turudi kwenye tenki. Wajenzi wa ndege za nyumbani Marekani na Ulaya wana njia kadhaa za kulitengeneza. Ndege za aina ya RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, ambazo zimejengwa na watu binafsi kwa maelfu, zina matenki ndani ya bawa lenyewe, yaliyofungwa kwa ribiti na kuzibwa kwa gundi maalumu isiyoyeyushwa na petroli. Wengine hutumia nyuzi za kioo na gundi. Njia ambayo inafanana zaidi na karakana zetu, kwa sababu sisi ni taifa la wachomeleaji, ni tenki la bati la alumini lililochomelewa. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye elimu ambayo hakuna gazeti lililowahi kuichapa chini ya ile picha ya kijana na watoto wa mtaa.

Kwanza, alumini si kitu kimoja. Ukienda Gerezani hapa Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, utaona mafundi wanageuza alumini kuwa sufuria, karai na masanduku, na wanaijua kazi yao. Lakini alumini ya sufuria ya kuyeyusha ni mchanganyiko wa kila kitu kilicholetwa na muuza chakavu: vifuniko vya injini, vipande vya madirisha, makopo ya soda. Hakuna anayejua ndani mna nini. Wali hauna shida na jambo hilo. Tenki la ndege lina shida nalo kubwa sana.

Mabati yanayotumika kwa matenki yana namba. 3003 ni laini, linakunjika na kuchomeleka kwa urahisi. 5052 lina magnesi ndani yake, ni gumu zaidi kidogo, linavumilia mtetemo na halili kutu kirahisi, ndiyo maana wajenzi wengi hulichagua, mara nyingi kwa unene wa milimita 1.27 hivi. 6061 ni imara kuliko hayo mawili, na hapo ndipo mtu mwenye haraka huingia mtegoni. Anaona namba ya uimara kwenye jedwali anafurahi. Kumbe uimara wa 6061 umetokana na kupikwa kwa joto kiwandani, na ukilichomelea, eneo la pembeni ya mshono linapoteza karibu nusu ya uimara huo. Linashuka kutoka megapaskali 310 hivi mpaka kama 165. Bati la 5052 linaanzia chini zaidi, kama 228, lakini likichomelewa linashuka mpaka 193 tu. Yaani lile lililoonekana dhaifu dukani ndilo lililobaki imara baada ya moto. Halafu kuna 2024, ambalo limetumika miaka mingi kwenye ngozi za ndege kubwa. Kijana akipata kipande chake kwenye mabaki ya ndege ataona ameokota dhahabu. Kwa tenki la kuchomelea ni balaa, maana mshono wake unapasuka unapopoa. Bati limetoka kwenye ndege halisi na bado halifai! Bila mtu wa kukwambia, utajuaje?

Pili, kuchomelea kwenyewe. Fundi wetu wa mageti akichomelea chuma anaona kinaanza kuwa chekundu, kisha kinang'aa, kisha kinayeyuka. Rangi inamwambia kila kitu. Alumini haimwambii kitu. Inakaa na rangi yake ile ile ya fedha, halafu ghafla inadondoka chini kama uji. Zaidi ya hapo, alumini ikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa oksaidi. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, utando ule unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo ukiuacha utando, ndani kumeyeyuka na nje hakujashikana, na unapata mshono unaoonekana mzuri kwa macho ambao ndani yake una matundu na mipasuko. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa mashine ya tigi ya mkondo geu, ambayo umeme wake ukigeuka huuvunja ule utando, huku gesi ya agoni ikizuia hewa isiguse sehemu iliyoyeyuka. Njia ya zamani ya moto wa gesi na dawa ya kuchomelea nayo ipo na inafanya kazi, lakini dawa hiyo lazima ioshwe yote kwa maji ya moto, la sivyo inaendelea kuila alumini taratibu miezi na miezi. Hata waya wa kujazia una namba yake: 5356 kwa bati la 5052, 4043 kwa 3003 na 6061. Mashine ya vijiti iliyotengeneza geti la jirani yako haiifai kazi ya bati jembamba kiasi hiki.

Tatu, kilichomo ndani. Wengi wanadhani tenki ni boksi. Umeshawaona akina mama wakitoka kisimani na ndoo kichwani, wameweka majani juu ya maji? Wanajua kwamba maji yakianza kucheza, ndoo haitulii. Petroli nayo hucheza hivyo hivyo, na kwenye ndege inacheza kwa kilo 29. Kwa hiyo ndani ya tenki kunawekwa kuta zenye matundu, ili mafuta yapite lakini yasikimbie yote upande mmoja, na kuta hizo hizo zinazuia mabati ya nje yasipumue ndani na nje mpaka yachoke. Kisha tundu la hewa. Kila aliyewahi kufungua kopo la maziwa anajua kwamba ukitoboa tundu moja maziwa hayatoki vizuri, unatoboa mawili. Tenki lisilo na njia ya hewa, au ambalo njia yake imezibwa na nyigu aliyejenga nyumba yake humo, litainyima injini mafuta wakati tenki limejaa. Halafu sehemu ya chini kabisa, kisima kidogo cha kukusanyia maji na uchafu, na bomba la kumwaga hayo maji kabla ya kuruka, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na siku zote hukaa chini, pale pale injini inapovuta. Kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani, kabla hazijaandikwa upya mwaka 2017, zilitaja hata vipimo: kisima hicho kiwe asilimia 0.25 ya ujazo wa tenki au kama robo lita, chochote kilicho kikubwa, na juu iachwe nafasi ya asilimia 2 ya mafuta kutanuka kwa joto. Wajenzi wa nyumbani hawakulazimishwa kuzifuata, lakini wenye akili walizichukua kama dira, na bado wanazichukua.

Nne, majaribio. Kanuni zile zile zilitaka tenki la bati lisilobebwa na mwili wa ndege livumilie presha ya pauni 3.5 kwa inchi ya mraba. Ukisikia 3.5 unacheka, maana tairi la gari dogo lina 30. Usicheke. Ubavu wa tenki wenye sentimita 30 kwa 40, kwa presha hiyo ya 3.5, unasukumwa na nguvu sawa na kilo 295. Sasa mchukue kijana wetu, hana mtu wa kumwelekeza, anakwenda kwa fundi wa matairi anaunganisha kompresa. Kwa presha ya tairi ubavu ule ule unasukumwa kwa nguvu ya tani mbili na nusu. Hilo tena si jaribio, ni bomu. Na njia salama ni rahisi mno. Unajaza tenki maji, unaunganisha mpira unaopanda juu mita 2.46, unaujaza maji nao. Uzito wa maji hayo peke yake unakupa pauni 3.5 kamili, wala haizidi hata ukilala usingizi. Hakuna kompresa, hakuna geji ya kununua. Tenki likipasuka, unalowa miguu.

Umeona? Mpira wa maji na ngazi. Huu si utajiri wa wazungu, ni elimu tu, na elimu hiyo haikumfikia mtu anayeihitaji kwa sababu waliokwenda kumwona walikwenda na kamera tu.

Niliwahi kwenda kwa mmoja wa wajenzi hawa, mji mmoja wa nyanda za juu kusini. Sitamtaja wala sitautaja mji. Ni mtu mzima, ana karakana ya kutengeneza pikipiki, mikono yake ni ya fundi kweli kweli, na vidhibiti vya mkia alivyotengeneza vilikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Nikamwuliza swali langu. Akanionyesha dumu la mafuta ya kula la lita 20, limefungwa kwa mipira ya tairi nyuma ya kiti. Akaniambia, "Kaka mwandishi, hilo halivuji hata tone." Nilimweleza kuhusu tundu la hewa na maji yanayokaa chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu akachora ukutani. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: wewe ni mwandishi wa saba kuja hapa, na ndiye wa kwanza kuniuliza mafuta. Niliporudi mjini nikaandika habari nzima, dumu na yote. Mhariri, naye simtaji, akaifuta aya ya dumu. "Hiyo inaharibu habari," aliniambia. "Watu wanataka kufurahi." Habari ikatoka na picha, na neno "kipaji" juu yake.

Wanataka kufurahi! Basi hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Furaha gani hii inayohitaji kumficha mtu kitu kitakachomuua?

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa tayari.

La kwanza: unawakatisha tamaa vijana, hata ndugu wawili Wright hawakuwa na digrii wala kibali. Ni kweli, Orville na Wilbur Wright walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio. Lakini wanaolitaja jina lao huishia hapo hapo kwenye baiskeli. Hawasemi kwamba kabla ya Desemba 1903 ndugu hao walitumia miaka mitatu wakirusha vishada na ndege zisizo na injini kwenye mchanga wa Kitty Hawk, kwamba mwaka 1901 walijenga kisanduku cha upepo na kupima maumbo ya mabawa kwa mamia kwa sababu hawakuziamini namba za waliowatangulia. Walikuwa watu wa kupima na kuandika. Na tenki lao la kwanza? Kopo dogo lililoning'inizwa juu kwenye nguzo ya bawa, mafuta yakishuka yenyewe kwa uzito wake. Walijua petroli yao inakaa wapi na inafikaje kwenye injini. Anayetaka kuwaiga aige na hilo.

La pili: wewe unawabeza Waafrika, kwa mzungu usingeuliza. Huyu namjibu kwa jina moja, John Denver. Mwanamuziki tajiri, maarufu duniani, rubani mwenye saa zaidi ya elfu mbili za kuruka. Oktoba 12, 1997 alianguka na kufa kwenye ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake kwenye ndege ya kujengwa nyumbani aina ya Long-EZ, ambayo aliinunua kwa mtu mwingine. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani waligundua nini? Aliyeijenga alilihamisha bomba la kuchagua tenki kutoka mahali ambapo mchoraji wake, Burt Rutan, alilipanga, akaliweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, bila alama. Vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama. Mafuta yalikuwa machache, rubani alikuwa hajaizoea ndege ile, na wachunguzi waliona kwamba alipojipinda kulifikia bomba lile ndipo ndege ilipomtoka. Petroli na njia yake, tena kwenye nchi tajiri kuliko zote. Petroli haina ubaguzi wa rangi, na mimi nikiiuliza siwi mbaguzi.

La tatu linatoka upande wa pili, kwa wale wanaopenda kufunga kila kitu: basi serikali ipige marufuku, wakamatwe, vyuma vitaifishwe. Huu nao ni uvivu. Ukimpiga marufuku fundi huyu hutamfanya aache, utamfanya ajifiche, na siku atakayojaribu kuruka itakuwa alfajiri shambani bila zimamoto, bila shahidi, bila mtu wa kumkagua. Zaidi ya hapo utaua kitu ambacho nchi inakililia kila siku kwenye hotuba. Tunasema tunataka viwanda. Mtu anayeweza kuchomelea bati la 5052 la milimita 1.27 lisivuje kwa presha ya maji ya mita mbili na nusu anaweza kutengeneza matenki ya maziwa, mitambo ya juisi, boti, vifaa vya hospitali. Huyo ndiye kiwanda chenyewe.

Wamarekani walikutana na tatizo hili hili baada ya vita vya pili vya dunia. Watu walikuwa wanajenga ndege kwenye gereji zao, wangine hodari, wengine hatari. Januari 1953 Paul Poberezny na wenzake wachache walianzisha chama cha wajenzi hao huko Milwaukee, EAA. Chama hicho kina washauri wa ufundi wanaojitolea, watu waliokwishajenga au kutengeneza ndege, ambao wanakwenda mpaka gereji ya mjenzi kuangalia kazi kabla haijafunikwa, kwa sababu ukishafunga bawa huwezi tena kuona mshono wa ndani. Sheria yao inamruhusu mtu kupata cheti cha majaribio ikiwa sehemu kubwa ya ndege ameijenga mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege inakaguliwa, kisha inawekewa kipindi cha majaribio ikiruka mbali na makazi ya watu, na haibebi abiria wa kulipa. Mwaka 2024 mkutano wao wa kila mwaka kule Oshkosh, Wisconsin, ulivuta zaidi ya watu 680,000. Walifika hapo kwa sababu walijenga utaratibu unaomfanya mtu wa kawaida aulizwe maswali kabla hajaruka, na aliye na jibu baya aelekezwe badala ya kuchekwa. Sioni kwamba wana akili kuliko fundi wangu wa pikipiki.

Unasema Marekani ni mbali? Njoo Afrika Kusini. Mwaka 2019 vijana wa shule 20 waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kutoka kwenye vipande vya kiwandani, kwa wiki tatu, wakisimamiwa. Kisha marubani vijana wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo, safari ya kama kilomita 12,000, na Zanzibar walitua. Kumbuka maneno mawili hayo: vipande vya kiwandani, wakisimamiwa. Watoto wa shule walifanikiwa kwa sababu watu wazima waliwauliza maswali kabla.

Sasa nasema ninachotaka, ili nisionekane mlalamishi tu.

Mamlaka ya usafiri wa anga, ninachotaka ni kurasa mbili. Njia ya mtu binafsi kujenga ndege ndogo na kukaguliwa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, ibandikwe kila ofisi ya SIDO na kila chuo cha VETA nchini. Kanuni iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa fundi wa pikipiki wa mkoani haipo.

Vyuo, mna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinachofundisha matengenezo ya ndege hapa hapa Dar es Salaam. Mwalimu mmoja na wanafunzi watano, siku mbili kwa mwaka, kwa fundi mmoja, wakiwa na mpira wa maji na orodha ya maswali. Wanafunzi watajifunza kuliko walivyojifunza ubaoni, na fundi atajifunza bila kudhalilishwa.

Wajenzi wenyewe, ndugu zangu, msikubali tena kupigwa picha bure. Mwandishi akija, mwambie leta injinia, picha tutapiga baadaye. Na kabla ya yote tupa lile dumu. Usichomelee tenki lililowahi kuwa na petroli hata kama limekauka wiki nzima. Mvuke wake ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo ndani, cheche moja inatosha. Fundi wa mtaani anayezibua matenki ya magari anaijua hatari hiyo, muulize alimzika nani.

Na wenzangu wa kalamu na kamera, kwenu sina ombi, nina maswali matano ya kuandika kwenye daftari. Petroli inakaa wapi? Tenki ni la bati gani? Hewa inaingilia wapi? Maji yanatolewa wapi? Limejaribiwa kwa presha gani? Yaulize yote matano na uchapishe majibu kama yalivyo, mazuri au mabaya. Mhariri akisema yanaharibu habari, mwambie habari yenyewe ndiyo hiyo, na ile picha na watoto ni pambo tu.

Wanaotaka kunipinga karibuni, mlango uko wazi, matusi nimeyazoea. Lakini kabla hujaanza kunieleza kuhusu uzalendo na vipaji vya Kiafrika, nijibu kwanza lile swali moja. Lita 40, kilo 29, nyuma ya mgongo wa mtoto wa mwenzio. Zimekaa kwenye nini?